Farasi wa Mtakatifu Verilina

Kilosa, Jumapili jioni

Leokadia,

Sitakuuliza hujambo. Umekula ugali wangu leo saa saba, ukabakiza mboga, kwa hiyo hali yako naijua. Sasa hivi uko kwa Mama Rehema unasukwa nywele, nami nimefunga kazi mapema, nimekaa kwenye kiti cha wateja na kuandika juu ya ubao wa kukatia nguo. Nina hasira. Nakuambia mapema usije ukaanza kusoma ukidhani hii ni barua ya machozi. Nina hasira na wewe, na watu wa jumuiya yetu ya kanisa, na vitabu vyangu mwenyewe, na kuna mtu mmoja ninayemkasirikia kuliko wote, huyo nitamfikia.

Mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji na kutopanda bodaboda ya mlevi sitayaandika. Una miaka ishirini na mmoja, umesomea kazi ya hoteli, na ukishindwa kutandika kitanda cha mgeni hiyo si kazi ya barua yangu. Shikamoo unaijua kuitoa. Wakati mwingine naona unaitoa kupita kiasi, hata kwa watu wasiostahili, na sababu yake ninaijua.

Nataka kuongea habari ya lile sanduku la vitabu.

Jumatano nililivuta kutoka chini ya kitanda, nikalifuta vumbi, nikachagua vitabu sita na kuvipanga mezani. Nilijisikia vizuri, sifichi. Wewe ukaingia na ndoo, ukavitazama, ukasema, "Mama, vitabu vyako vilishanitosha. Halafu likizo yangu ya kwanza nitaenda kwa shangazi Morogoro." Ulisema kwa upole, kama mtu anayekataa chai kwa sababu ameshakunywa kwingine. Nilirudi kwenye cherehani nikashona mkono wa kushoto wa sare ya mtoto wa watu upande wa kulia, ikabidi nifumue.

Kutoka Kilosa hadi Mikumi, unakokwenda kesho kuanza kazi, si safari. Gari likitoka asubuhi, kabla chai haijatoka tumboni umefika. Wanaokwenda Mwanza wanarudi Krismasi. Wewe unakwenda mahali ambapo ningeweza kukutumia maharage ya Vidunda kwa dereva yakafika ya moto, na bado umepanga usirudi. Kwa hiyo huendi mbali, Leokadia. Unaniacha. Hilo nimelielewa bila kuelezwa, na limeniuma, na kwa kuwa limeniuma nimekuwa mkali nyumbani wiki nzima. Ile sufuria niliyoitupa haikuwa na kosa.

Lakini vitabu utavihitaji, utake usitake. Uliporudi kutoka kwenye usaili ulieleza mwenyewe. Nyumba za wafanyakazi ziko nyuma ya kambi ya watalii, tembo wanapita katikati wakitafuta maji, ikifika saa kumi na mbili jioni kila mtu awe ndani na mlango umefungwa. Mtandao unapatikana ukisimama karibu na tangi la maji, na kwenye tangi la maji ndiko waliko tembo. Sasa niambie, kuanzia saa kumi na mbili utafanya nini? Utasikiliza mwenzako wa chumba akieleza habari za mchumba wake? Mara ya kwanza utamsikiliza. Mara ya kumi utatamani tembo aingie.

Kwa hiyo nitakupendekezea, na nitakupendekezea kwa ubaya wake wote, kwa sababu mtu anayesifu kila kitu hajasoma.

Cha kwanza ni kile cha mtawa aliyekuwa akinakili Maandiko katika nchi ya baridi wakati wa vita, akajificha juu ya mnara wa kengele na kitabu chake. Kurasa arobaini za mwanzo ni theluji. Theluji juu ya paa, theluji juu ya punda, theluji ndani ya kiatu. Nilikitupa mara mbili. Lakini kisome Oktoba, joto la Mikumi likikubana hata mto wa kitanda umelowa, na utanishukuru. Askari walipopanda ngazi za ule mnara, nilijikuta nimeshika mkasi.

Cha pili ni cha mjakazi wa Nubia aliyetumwa kupeleka barua ya malkia wake kwa askofu, jangwa lote kwa miguu. Hicho ndicho kitabu changu pekee ambacho watu wake wana ngozi kama yetu, ndiyo maana kimechakaa kuliko vyote, wanawake watano wamekiazima na mmoja alikirudisha na mafuta ya samaki. Mwandishi wake hajui kabisa kuandika mapenzi. Kila mvulana akitokea, anakufa kwa kiu. Lakini njaa anaijua, na maombi ya mtu mwenye njaa anayajua, si yale ya mistari mirefu. "Bwana, kisima." Basi. Hilo ndilo ombi lote la sura ya saba, na mimi nimeliomba mara nyingi kuliko rozari.

Cha tatu, usichukue. Kile chenye jalada la dhahabu, cha askari mzuri wa sura anayewatesa Wakristo halafu anaokoka sura ya mwisho na kumwoa msichana. Mwandishi wake anahubiri kila baada ya kurasa mbili, na yule msichana amekaa gerezani wiki tatu na nywele zake bado zinang'aa. Nani alimsuka humo? Nilikiweka mezani ili sanduku lionekane lina vitabu vya kuheshimika.

Cha nne ni hadithi ya kifalme. Binti mfalme amelaaniwa, sauti yake haisikiki na mtu yeyote isipokuwa yule aliyemkosea. Anatembea nchi nzima akiongea, watu wanamwona bubu, anaombewa makanisani, mpaka siku moja sokoni mtu mmoja anageuka nyuma. Nimekianza mara nne. Sijawahi kukimaliza na sitaki kuambiwa kinaishaje. Kichukue, kimalize wewe, mimi kimenishinda.

Hivyo viwili vilivyobaki ni vya kawaida tu, falme na mapango na wajane wanaosali, vinapitisha wakati. Vinapitisha wakati, ndiyo. Mama Gaudensia alikuwa akiniambia kila tukikutana kwenye jumuiya, "Mama Leokadia, hizo hadithi zako ni kukimbia maisha." Kama vile amegundua jambo. Ndiyo, nilikuwa nakimbia. Mwaka ule baba yako alikwenda kwenye kambi ya ujenzi wa reli kwa miezi mitatu akapata maisha mengine huko huko, mimi nikabaki na cherehani yenye mguu mmoja mbovu, wewe wa miaka kumi, na mama yangu mgonjwa aliyekuwa akilia kwa Kiha nami Kiha changu ni cha kuomba maji tu, maana babu yako aliyeletwa mashamba ya Kimamba kukata mkonge alitaka tuongee Kiswahili. Mama Gaudensia alitaka nikae ndani ya maisha hayo saa ishirini na nne? Yeye alikuwa na mume, mabati mapya na uenyekiti. Mtu kama huyo hana pa kukimbilia kwa sababu hafukuzwi.

Nakumbuka nilivyoanza. Nilipeleka mashuka misheni, nilikuwa nimeyapinda, na yule sista mzee aliyekuwa akitunza chumba cha vitabu akaniambia nisubiri ndani, nje kulikuwa na mvua. Nikachukua kitabu ili mikono isikae bure. Mvua ilikatika, sikuondoka. Sista akaja, akanitazama, akaniachia taa. Hakunihubiria hata neno. Alinipa kitabu na mfuko wa kukifunikia, akasema nikirudisha atanipa kingine. Nilikuwa nafika nyumbani nakupikia uji, nakusomea kwa sauti, na tulikuwa watu wawili wenye furaha. Au mimi nilikuwa. Nadhani na wewe ulikuwa, kwa sababu ulikuwa unachukua kitabu kabla sijakimaliza, unakisoma chooni, tunagombana nani yuko ukurasa wa ngapi. Ulikuwa unasoma kunizidi.

Sasa nafika pale ambapo hatujawahi kufika mimi na wewe kwa miaka tisa.

Kati ya vitabu vya sista kulikuwa na kimoja kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo wala za mwisho, mchwa walikuwa wamekula pande zote mbili. Kilihusu Verilina, msichana mshona nguo wa zamani za Warumi, aliyeachwa na ndugu zake wote, akawa anawashonea Wakristo waliojificha. Mshona nguo, aliyeachwa. Unadhani mimi ningempenda nani? Nilimpenda kama dada. Na alikuwa na yule farasi mweupe, unamkumbuka, aliyesema kwa sauti ya mtu na kumwonyesha njia ya kupita usiku. Ulikuwa unaiga ile sauti ya farasi mpaka bibi yako anacheka kitandani.

Jumuiya yetu ilikuwa imekuwa kubwa, kigango cha kanisa kikasema igawanywe mara mbili. Unajua taratibu, jumuiya mpya lazima ichague mtakatifu msimamizi, iwe na siku ya somo ya kumsherehekea, paroko aje asome misa. Tulikutana kwa Mama Gaudensia. Akasimama akapendekeza mtakatifu wa jina lake mwenyewe, kama alivyopendekeza kwenye kwaya na kwenye chama cha akina mama. Nikahisi moto. Nikanyoosha mkono nikasema, "Mimi napendekeza Mtakatifu Verilina." Wakauliza ni nani. Nikaeleza. Nilieleza vizuri, Leokadia, sijawahi kueleza kitu vizuri namna ile. Nilieleza alivyoachwa, alivyoshona kwenye giza, sindano ilivyomchoma wakati askari wanapita na hakutoa sauti. Wanawake walilia. Mama mmoja ambaye mume wake alikuwa amekimbia kama wangu alisema, "Huyo ndiye wetu." Kura zikapigwa, Mama Gaudensia akashindwa kwenye ukumbi wake mwenyewe, akiwa ametupikia chai.

Tulipotoka ulinishika gauni njiani ukaniuliza, "Mama, mbona farasi hukumsema?"

Nilikuambia, "Nyamaza."

Hapo ndipo palipo na ubaya wangu wote. Watu wakisikia kisa hiki wanadhani nilikosea, mwanamke asiye na shule ameokota kitabu kisicho na jalada akadhani ni maisha ya mtakatifu. Kosa la namna hiyo lingesameheka, hata paroko angelicheka. Lakini mimi nilimruka farasi. Mtu anayeamini haruki kitu. Nilimruka kwa sababu nilijua kwamba nikimtaja farasi anayesema watajua ni hadithi, na nilijua watajua kwa sababu mimi mwenyewe nilijua. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliliona hilo kabla hatujafika barabarani.

Baada ya hapo mambo yakaenda yenyewe. Katibu aliuliza siku ya somo ni lini, nikamtajia tarehe, ya kwanza iliyonijia kichwani. Nilishona vitambaa vya kichwa vya bluu kumi na nane vyenye jina lake kwa uzi mweupe. Nilitunga na sala. Miezi mitano watu walimwomba Verilina kwa ajili ya wagonjwa, na wengine walipona, na mimi niliogopa zaidi wale waliopona kuliko waliokufa.

Kisha paroko akaja kusoma misa ya somo, uani kwetu, unakumbuka turubai lilivyokuwa linapigwa na upepo wa mto Mkondoa. Kabla ya kuanza akasoma kitambaa cha mama aliyekuwa mbele, akauliza kwa upole kabisa, "Mtakatifu huyu mimi simjui. Nani aliyewaletea habari zake?"

Watu wote wakanigeukia. Mama Gaudensia alikuwa tayari anatabasamu. Na mimi nikanyoosha kidole.

"Ni huyu mwanangu, Baba. Alileta kitabu kutoka misheni akaniambia ni maisha ya mtakatifu. Mimi nilimwamini mtoto."

Paroko akakutazama. Ulikuwa umeshika sahani ya sadaka. Akasema, "Ni kweli, binti?"

Ukanitazama mimi kwanza. Halafu ukasema, "Ndiyo, Baba. Shikamoo."

Ile shikamoo ilikuja mahali pasipo pake, watu wakacheka, na paroko naye akacheka, akasema watoto wana mawazo mengi, akasoma misa kwa heshima ya Mama Maria yakaisha. Kwake yaliisha. Mama Gaudensia ndiye aliyekuwa akifundisha watoto wa kipaimara, na wiki iliyofuata jina lako likatolewa kwenye orodha, eti mtoto anayechezea mambo ya watakatifu hajaiva, asubiri mwaka. Wenzako walivaa magauni meupe. Matatu kati ya hayo niliyashona mimi, mbele yako, na ulinishikia futi. Shuleni wakakuita Verilina mpaka darasa la saba. Ulikuwa unaingia mlangoni, unaweka begi, unanisalimu, unachota maji. Hukuwahi kuniambia neno. Ningependa ungenitukana.

Na siku iliyofuata ile misa ulibeba vitabu vyote vilivyokuwa upande wako wa kitanda ukavirudisha kwa sista. Sijakuona na kitabu cha hadithi tangu siku ile. Una macho mazuri ya kusoma, una sauti ya kila mtu kichwani, askari, mjane, farasi, nami nilikufungia hayo yote kwa kidole kimoja. Baba yako alituibia mshahara na kitanda cha mbao. Mimi nilikuibia mahali pa kukimbilia, nikabaki napo peke yangu, nikiendelea kusoma mbele yako kila jioni. Hata sikuona aibu ya kufungua kitabu.

Nilijipa sababu, usidhani sikuwa nazo. Nilisema nikionekana mwongo nitapoteza wateja, sare za shule na za kanisa ndizo zilizotulisha. Nilisema kosa la mtoto husahaulika, la mtu mzima halisahauliki. Nilisema nitakueleza ukikua. Ulipokua nikasema mbona mwenyewe hataji, labda yameisha. Kumbe ulikuwa unahesabu siku za kuondoka.

Kwa hiyo baada ya Jumatano sikulala vizuri, na jana alfajiri nikaenda jumuiya. Hukuja, ulisema unafua. Tulikuwa kwa Mama Gaudensia tena, amezeeka sasa, miguu imevimba, haongozi tena ila kiti chake kiko pale pale. Tulipomaliza injili, mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Wote walinitazama kama siku ya ndoa yangu, na hiyo pia iliishia vibaya.

Nikasema, "Tumsifu Yesu Kristo. Miaka tisa iliyopita mlipewa mtakatifu ambaye hayupo. Nilisema ni mwanangu aliyewaletea. Si kweli. Ni mimi. Nilijua ni hadithi, na nilimsingizia mtoto."

Nilitegemea kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nilikuwa nazitaka. Mama mmoja akasema, "Ah, vile vitambaa vya bluu, mimi changu ninacho hadi leo, nafungia maandazi." Mwingine akauliza tunaendelea na mchango wa mgonjwa au vipi. Nikabaki nimesimama. Nikamgeukia Mama Gaudensia, nikamwambia, "Mama, ulimnyima mtoto kipaimara kwa ajili ya uongo wangu. Husemi kitu?"

Akanyoosha mguu wake mbovu, akanitazama bila hata hasira. "Niseme nini, Mama Leokadia? Tulijua ni wewe. Siku ile ile. Mtoto wa miaka kumi na miwili atatunga sala ile? Atashona vitambaa?"

"Mlijua?"

"Wote tulijua. Lakini wewe ni mtu mzima. Tungekuumbuaje mbele ya paroko, uani kwako, na chakula chako kiko jikoni? Mtoto ni mtoto. Akichapwa anasahau."

Wengine wakaitikia kwa vichwa, ndivyo, ndivyo. Akina mama wazuri, wameniletea uji nikiwa na malaria. Nikawachukia wote kwa mara moja, mpaka nikashindwa kuona mlango. Nilitoka bila kuaga. Nikafika mpaka darajani, nikasimama nikitazama matope ya Mkondoa, na hasira yangu ikawa inatafuta mtu. Nikampitia Mama Gaudensia, nikampitia baba yako, nikampitia paroko aliyecheka, nikakupitia na wewe uliyekubali. Kila mmoja nilikuwa na neno lake. Yote yakaisha nikabaki mwenyewe.

Sikiliza basi nilichokielewa pale darajani. Miaka tisa nilijiambia kwamba angalau ule uongo uliniokoa. Kwamba nilikulipisha wewe, lakini nilipata kitu, jina langu, wateja wangu, tukala. Haukuniokoa. Haukumdanganya hata mtu mmoja. Pale uani palikuwa na watu zaidi ya ishirini, na wote walijua, na wote wakakuacha ubebe kwa kuwa ulikuwa mdogo na una adabu. Ule uongo haukufanya kazi yoyote duniani isipokuwa kukuumiza wewe.

Nikikuambia soma, sisemi usome ili unisamehe, wala sisemi vitabu ni vizuri. Vitabu ni karatasi. Mimi nilisoma habari za watu waliokubali kuliwa na simba wasiseme uongo, nikawalilia, nikafuta machozi, na nilipoulizwa swali dogo na padre mpole nikanyoosha kidole kwa mwanangu. Kama kuna anayedhani hadithi za watakatifu zinamfanya mtu kuwa mwema, mlete kwangu. Lakini vilikuwa vyako pia. Ulivipenda kabla sijaviharibu, na sioni kwa nini uendelee kuvikosa kwa ajili yangu. Hivyo sita sijaviweka kwenye begi lako. Vitano viko mezani, kile cha jalada la dhahabu nimekipeleka jikoni kuwashia moto. Ukitaka vichukue, usipotaka viache.

Likizo yako ya kwanza nenda kwa shangazi yako. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kukuzuia, nimeyafuta. Lakini kama ulikuwa unakwenda huku bado unajiuliza kama labda ni kweli ulifanya kitu, kama labda uliniambia mwenyewe kwamba Verilina ni mtakatifu na umesahau, maana mtoto akiambiwa jambo mbele ya watu wazima ishirini huanza kuliamini, basi sikia kutoka kwangu. Hukuniambia. Uliniuliza farasi yuko wapi, nami nikakunyamazisha. Ulikuwa sahihi tangu barabarani.

Sijawahi kusikia mzazi wa huku kwetu akimwomba mtoto wake radhi. Mama yangu hakuwahi kuniomba, na alikuwa na mengi. Sijui inaombwaje. Nisamehe, Leokadia. Nilisema uongo juu yako, na ukanilinda, na sikukushukuru wala sikukutetea.

Kesho stendi sitaweza kuyasema haya kwa mdomo. Watu watakuwa wengi na mimi ni mwoga, hilo sasa unalijua kwa maandishi yangu mwenyewe. Nitakuwa nimesimama karibu na mzigo wako. Soma barua hii kabla hujapanda gari, halafu ukitaka kupanda bila kuniaga, panda. Sitakuita.

Mama yako